Kuku Wetu Si Jalala

Safari hii tunaanza kwa kuomba radhi.

Mwaka jana, katika mafunzo ya lishe ya kikundi cha akina mama wa usharika wetu hapa Mwanza, tulisimama mbele ya wenzetu tukasema: "Msitupe kitu. Kila kinachobaki jikoni wapeni kuku, kuku hachagui." Maneno yale yaliwapendeza wengi, nao wakayaandika katika madaftari yao. Sisi ni wauguzi kwa kazi, tena tumekaa miaka mingi wodini na katika kliniki ya watoto, kwa hiyo tukisema jambo wenzetu huliamini. Leo tunakiri kwamba maneno yale yalikuwa nusu tu ya kweli. Ile nusu tuliyoiacha ilimgharimu mwenzetu mmoja.

Mwenzetu huyo ni mjane anayeishi upande wa Igoma pamoja na watoto wake wanne. Alikuwa na kuku wa kienyeji 22. Mayai na majogoo yake ndiyo yaliyonunua sare na madaftari ya watoto. Mwezi wa nne mvua zilipozidi, paa lilivuja juu ya gunia lake la mahindi bila yeye kujua. Alipokuja kulifungua, mahindi ya chini yalikuwa yameshikamana, yana ukungu wa kijani na manjano, na harufu nzito ya uvundo. Akakumbuka somo letu. Aliketi akachambua kwa uvumilivu. Yaliyoonekana mazuri aliyapeleka mashineni, na yaliyoharibika akawapa kuku, konzi chache kila asubuhi.

Wiki ya kwanza hakuona kitu. Wiki ya pili mitetea iliacha kutaga. Vilemba vyao vikapauka, wakasimama pembeni wamejikunyata huku mbawa zimelegea, wala hawakukimbilia chakula tena. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wamebaki watano.

Alipotueleza baada ya ibada, tulidhani ni mdondo. Tukaenda naye kumwita afisa mifugo wa kata. Huyo alipoambiwa kwamba kuku walikuwa wamechanjwa, aliomba aonyeshwe walichokuwa wakila. Gunia lilipofunguliwa hakutaka hata kuliinamia. Hakuna kipimo cha maabara kilichofanyika, lakini alisema wazi kwamba mahindi yale hayafai kwa kuku wala kwa binadamu. Ndipo dada yetu akauliza kwa sauti ndogo: "Na unga je? Watoto wanaula wiki ya pili sasa."

Hakuna aliyemjibu haraka. Tuliutoa unga uliobaki, karibu debe zima, tukaufukia shimoni. Kuku walipokufa hakulia. Alilia siku ile, unga ulipomwagwa.

SUMU ISIYOONEKANA

Ukungu unaoota juu ya mahindi, karanga na vyakula vingine unaweza kutengeneza sumu ambayo wataalamu wetu huiita sumukuvu. Ukungu huonekana kwa macho, lakini sumu yenyewe haina rangi, wala huwezi kuitambua kwa kuonja. Punje inaweza kuonekana safi huku imekwisha kuingiwa. Ndiyo sababu kuchambua gunia lililoloa hakutoshi. Wala moto hautusaidii sana hapa. Kuchemsha uji au kusonga ugali hakuiondoi sumu hii.

Jambo la ajabu ni kwamba waliowafunulia wataalamu siri hii walikuwa ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Madaktari wa mifugo hawakujua ni ugonjwa gani, wakaupa jina la herufi X. Walipofuatilia chakula, waligundua kwamba bata mzinga hao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, nayo yalikuwa na sumu ya ukungu.

Tusidhani kwamba haya ni ya ndege peke yao. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2016, walipatikana wagonjwa 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 walipoteza maisha. Walikuja hospitalini wakiwa na macho ya manjano, kutapika, na maumivu na uvimbe wa tumbo. Kwa anayeila kidogo kidogo kwa miaka, sumu hii huharibu ini taratibu na inaweza kuleta saratani ya ini.

Sasa sikilizeni jambo lililotukosesha usingizi. Kuku anapokula sumukuvu, sehemu yake huingia katika ini lake, na nyingine huingia katika mayai. Maana yake ni kwamba tunakataa kumpa mtoto mahindi yaliyovunda, tunampa kuku, halafu tunamchemshia mtoto yai la kuku huyo huyo na kusema tumemlisha vizuri. Kile tulichokitoa kwa mlango wa mbele kimerudi kwa mlango wa nyuma.

KANUNI YA KUANZIA

Kwa hiyo tumeibadilisha kanuni yetu, nasi tunaomba walioandika ile ya zamani waifute. Kanuni mpya ni hii: kitu ambacho humpi mtoto wako kwa sababu kimeharibika, usimpe kuku wako.

Tunasema "kwa sababu kimeharibika" kwa makusudi. Yapo mengi ambayo mtoto hayali ila kuku huyafurahia: maganda ya tikiti, majani ya nje ya kabichi, mbegu za maboga, shina gumu la mchicha. Hayo hayajaharibika, yamebaki tu. Hata Bwana alipowalisha wale elfu tano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili. Lakini vilikuwa vipande vya mkate wa jioni ile ile, si vya juma lililopita.

VINAVYOWAFAA KUKU

Mboga za majani ndizo za kwanza. Mchicha, matembele, sukuma wiki, kabichi, majani ya maboga na ya mlonge, yote ni mazuri. Kuku anayekula majani mabichi hutaga yai lenye kiini cha rangi nzuri ya manjano. Fungeni majani kwa kamba, muyaning'inize bandani usawa wa kichwa cha kuku ili wasiyakanyage kwenye kinyesi. Mkiyaokota sokoni, iwe Mlango Mmoja, Kirumba au Buhongwa, yaosheni kwa maji mengi, kwa sababu bustani nyingi hupulizwa dawa za wadudu, na sokoni majani hulala chini penye maji machafu.

Maboga, matango, karoti, ndizi mbivu, papai, embe na tikiti huwafaa pia. Kateni vipande vidogo, maana kuku hana meno.

Wali, ugali, viazi vitamu na ndizi zilizopikwa huliwa vizuri vikiwa vya siku ile. Ukoko uloweke kwanza. Haya yote humshibisha kuku lakini hayamjengi. Akishiba ugali peke yake, hataki tena chakula chenye nguvu ya kutengeneza mayai, nasi hubaki tukishangaa kwa nini hatagi.

Maganda ya mayai msiyatupe. Yachemsheni au yakausheni vizuri motoni, kisha yasageni kabisa yawe kama chenga ndogo. Yanampa kuku chokaa ya kutengeneza ganda jipya. Mkiwapa maganda makubwa mabichi, kuku hujifunza kudonoa mayai yao wenyewe. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunaweza kutumia pia magamba makavu ya konokono yaliyosagwa. Ila tunaomba sana, okoteni yale yaliyolala juu ya mchanga mkavu. Msiwatume watoto waingie majini kuyatafuta, kwani konokono wa ziwani ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na mtoto huambukizwa kwa kukanyaga au kuoga katika maji hayo.

VYA KUANGALIA KWA MAKINI

Dagaa na samaki. Dagaa ni chakula bora kwa kuku, na sisi tuna bahati ya kuwa karibu na mwalo. Lakini wakati wa mvua, dagaa walionyeshewa kabla ya kukauka huuzwa kwa bei ya chini na kuitwa dagaa wa kuku. Wakiwa na ukungu au harufu ya kuoza, msiwanunue hata kama ni bei ya kutupa. Walio wazuri wapepeteni mchanga kwanza. Mapanki ya sangara, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kuondolewa, yachemsheni yakiwa mabichi ya siku ile na kuyaponda. Samaki aliyeoza anaweza kuwa na sumu ya kupoozesha. Kuku aliyeila hulegea miguu, kisha mbawa, kisha shingo, hadi kichwa hulala chini. Tena msizidishe samaki, kwani mayai yatanuka shombo.

Chumvi. Mwili wa kuku hauhimili chumvi nyingi kama yetu. Mchuzi uliobaki chini ya sufuria, samaki wa chumvi, na maji yaliyochemshiwa vyakula vyenye chumvi visiingie katika chakula chao. Kwa vifaranga hatari ni kubwa zaidi.

Mihogo. Mihogo michungu ina sumu, na ganda lake lina sumu nyingi kuliko nyama yake. Msiwape kuku maganda mabichi ya mihogo wala majani mabichi ya kisamvu. Tena hapa mtu na kuku wako katika mtumbwi mmoja. Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime mkoani Mara, watu walikula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa kwa muda wa kutosha, na wengine wakapooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Waliopatwa zaidi walikuwa akina mama na watoto.

Maharage mabichi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu mpaka yapikwe yakaiva kabisa. Yaliyoiva na yasiyo na chumvi nyingi hayana neno.

Viazi mviringo. Ganda lililogeuka kijani na machipukizi yake ni sumu. Tupeni. Majani na mashina ya nyanya pia msiwape, bali nyanya mbivu ni sawa.

Parachichi. Ganda, kokwa na majani yake yana sumu kwa ndege. Sisi wenyewe tulikuwa tukiwatupia maganda hayo bila kufikiri.

Mabaki ya kuku wenzao. Manyoya, matumbo na maji ya kuoshea kuku aliyenunuliwa sokoni yafukieni. Kuku yule huenda aliuzwa haraka kwa sababu alikuwa ameanza kuugua mdondo, na mabaki yake yanaweza kuuleta ugonjwa bandani kwenu. Chanjo ya mdondo ya tone la jicho hutolewa tena kila baada ya miezi mitatu. Hakuna makombo yatakayoziba nafasi yake.

Na la mwisho tunalirudia: chochote chenye ukungu. Mkate, ugali wa juzi, karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi, pumba zilizoloa na kushikamana. Msikwangue ukungu na kuwapa sehemu iliyobaki. Ufukieni wote.

NDOO MBILI JIKONI

Baada ya msiba ule wa kuku, kikundi chetu kilikubaliana kila nyumba iwe na vyombo viwili jikoni. Cha kwanza kina mfuniko, nacho ni cha kuku. Humo huingia kilicho kizuri cha siku ile tu. Cha pili ni cha shimo la mbolea, nacho hupokea kila kilichooza, chenye chumvi, na kila tunachokitilia shaka. Mwenye shaka asibishane na nafsi yake, akitie katika ndoo ya pili. Mchicha utakaoota juu ya mbolea ile utawarudia kuku ukiwa chakula safi. Kwa hiyo hakuna kilichopotea. Mifuko ya nailoni, nyuzi na vipande vya chupa visiingie katika ndoo yoyote kati ya hizo.

Wapeni kuku makombo alasiri, baada ya kula chakula chao kamili. Yawe kiasi wanachoweza kumaliza kwa muda wa nusu saa, kisha mkusanye yaliyobaki, kwani yakilala bandani huwaita panya na inzi. Kuku wa mayai anayefungiwa hula kama gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na makombo yasizidi sehemu moja ya kumi. Kuku wa kienyeji anayetembea hujitafutia wadudu na majani mwenyewe, naye anaweza kuongezewa kidogo. Maji safi yasikosekane.

Mkimaliza kuwalisha, oshani mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula cha nyumbani, nanyi watoto vivyo hivyo. Mayai yapikwe mpaka kiini kishikane, kwani kuku mwenye afya nzuri anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha bila kuonyesha dalili.

KABLA YA KUWEKA GUNIA

Makombo mabaya huanzia ghalani. Mahindi yakaushwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Kama hamna uhakika kwamba mahindi yamekauka, chukueni chupa kavu yenye mfuniko, tieni mahindi hadi robo yake na vijiko viwili vya chumvi kavu. Tikiseni kwa dakika chache, kisha iacheni itulie robo saa. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini yote, yako tayari kuhifadhiwa. Kipimo hiki hakigundui sumu, kinatuonyesha unyevu tu. Lakini ukungu hauoti pakavu.

Mkiona mtoto au mtu mzima ametapika, ana maumivu ya tumbo au macho yamekuwa ya manjano baada ya kula nafaka zilizoharibika, msingoje. Mpelekeni kituo cha afya, na mchukue kiasi cha unga ule mkaonyeshe.

Mnataka kujua habari za dada yetu. Watoto wake tuliwapeleka kliniki wakaangaliwa, na wanaendelea vizuri. Kikundi kilichanga mahindi debe mbili, kisha nyumba saba zikatoa mtetea mmoja mmoja. Jumamosi iliyopita tulimtembelea tukamkuta ametundika matembele bandani kama tulivyoeleza hapa juu. Tulipomwomba msamaha tena kwa lile somo letu, alicheka akatuonyesha daftari lake. Ile sentensi yetu ameipiga mstari mwekundu, na chini yake ameandika kwa mkono wake: "Aulizwe kwanza mwenye kula yai."

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia kuwaanzishia watoto yai na vyakula vingine wanapofikisha miezi sita. Mbaki na amani.